Usiku nilipomhudumia baba mkwe

Mwezi Aprili mwaka 2011, nikiwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya wilayani Rungwe, nililetewa usiku mgonjwa ambaye kwa mila za nyumba niliyoolewa sikupaswa hata kukaa naye chumba kimoja. Alikuwa baba mkwe wangu. Nisingeliandika jambo hili kama mama mkwe, aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, asingeniruhusu.

Mimi ni Mbena wa Njombe. Nilipoolewa kwa Wanyakyusa, wifi zangu walinifundisha kwamba mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe: akimsikia anakuja humpisha, hali naye chakula, halitamki jina lake, na hata neno la kawaida likifanana na jina hilo hulikwepa akatafuta jingine. Nyumba nyingi zimelegeza mila hii. Ya kwetu haikulegeza. Wageni huiona kuwa ni uonevu kwa mwanamke, nami sitabishana na aliyeumizwa nayo, lakini katika nyumba ile mzee naye alijifunga kamba ileile aliyonifunga mimi. Hakuingia uani bila kukohoa mara mbili akiwa bado mbali, akasubiri mpaka nipate nafasi ya kutokea mlango wa jikoni. Tuliishi hivyo miaka minne bila kusemezana neno, na katika miaka hiyo sikuwahi kuhisi kudharauliwa.

Usiku ule mvua ilikuwa ikinyesha tangu mchana, na zamu tulikuwa wawili, mimi na kaka mmoja muuguzi, ambaye saa mbili usiku aliondoka na gari la wagonjwa kumsindikiza mama mjamzito kwenda Mbeya, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu, makao makuu ya wilaya yetu. Nilibaki na wodi mbili na chumba cha kujifungulia. Ilipokaribia saa tano nikasikia vishindo barazani, na kabla sijafika mlangoni nikasikia kikohozi, mara mbili, kikiwa dhaifu. Nilijua ni nani. Nikarudi nyuma hatua tatu bila kufikiri, mgongo wangu ukagonga kabati la dawa.

Shemeji yangu mdogo ndiye aliyenieleza, akisimama kizingitini ili macho yangu yasimfikie baba yake. Mzee hakuwa amepata mkojo tangu alfajiri. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na kuwa gumu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na hawezi kukaa wala kulala. Muuguzi yeyote angeelewa: mzee wa miaka zaidi ya sabini, tezi dume imekua mpaka ikabana njia, kibofu kimejaa. Dawa yake usiku ule ilikuwa mpira wa mkojo, ule mrija unaopitishwa njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, na uwekwe mapema, kwa kuwa mkojo uliozuiliwa kwa muda mrefu haumuumizi mtu tu bali huweza kuziharibu figo.

Nilimpigia simu mwenzangu. Alikuwa bado Mbeya akisubiri mgonjwa wake apokelewe. Nilimpigia tabibu, akasema barabara ya kwake imejaa maji, niweke mpira mwenyewe kwani ninaujua. Nikampigia tena mwenzangu. Nikapanga trei, nikaipangua, nikaipanga upya. Zilipita dakika arobaini, na kutoka chumba cha pili nilikuwa nikimsikia mzee akijizuia kulia mbele ya mwanawe.

Dakika hizo arobaini sijazisahau. Siku ya kuhitimu tulishika mishumaa tukasema kile kiapo tunachokiita cha Florence Nightingale, ingawa si yeye aliyekitunga. Kilitungwa Marekani mwaka 1893, mjini Detroit, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Ndani yake nilijitoa kwa ajili ya ustawi wa wale watakaowekwa mikononi mwangu, bila kumtoa baba mkwe. Na bado miguu haikwenda. Angekuwa mzee wa nyumba nyingine, ningekuwa nimemaliza.

Aliyenitoa pale ni mama mkwe. Aliingia chumba cha dawa akiwa ameloa, akafunga mlango, akaniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani hakuitumia ila kwa jambo zito: "Mwanangu, nyumbani kwangu wewe ni mkwe. Hapa ni kwako, na sisi ni wageni wako. Mgeni wako anaumwa."

Nikamwuliza, "Mama, na yeye anasemaje?"

Alishangaa. Kwake ruhusa ilikuwa imekwisha kutoka. Lakini mwili ulikuwa wa mzee, na mwenye kukubali ni yeye, si mkewe wala mwanawe. Nikamwomba shemeji aende akamwambie baba kwa maneno niliyompa: kwamba muuguzi aliyepo ni huyu, kwamba wa kiume hatafika mpaka alfajiri, kwamba kungoja kuna hatari, na kwamba akikataa hakuna atakayemlazimisha. Tulisikia kimya kirefu. Shemeji akarudi, akasema baba amegeukia ukutani, amejifunika blanketi kichwani, na amesema nije.

Wodi haikuwa na pazia. Mama mkwe akafungua khanga yake ya pili akaishika kwa mikono miwili kati ya uso wa mzee na mimi, akasimama hivyo muda wote, mikono ikimtetemeka. Mimi nilimfunika mgonjwa kwa shuka mbili nikaacha nafasi ya kazi tu. Nilipaka jeli ya ganzi, nikasubiri ifanye kazi kama inavyotakiwa, nikaanza kuingiza mpira namba 16 taratibu. Ulipofika penye tezi ukakwama. Hapo mgonjwa anatakiwa alegeze mwili, na hakuna shemeji wala khanga inayoweza kulisema neno hilo kwa wakati wake. Nikasema mwenyewe: "Baba, vuta pumzi ndefu, kisha itoe polepole." Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. Alivuta pumzi. Mpira ukapita, mkojo ukatoka, ndipo nikajaza puto dogo linaloushikilia mpira ndani ya kibofu kwa mililita 10 za maji na kuunganisha mfuko wa mkojo. Ilitoka zaidi ya lita moja. Chini ya blanketi nikasikia, "Ndaga," yaani asante, nami sikuitika kwa kuwa sikujua kama limesemwa kwangu.

Mengine niliyoyaona ni siri ya mgonjwa, na ni aibu ya mkwe. Kwa sababu zote mbili siyaandiki.

Nilipokuwa nakusanya vifaa, macho yangu yaliangukia kitanda cha jirani. Alilala mzee mwingine, wa kijiji cha mbali, asiye na ndugu pale. Siku mbili nyuma nilimwekea mpira kama huo mchana, mlango ukiwa wazi, shuka imevutwa mpaka magotini, huku nikiongea na mhudumu kuhusu bei ya ndizi. Kazi ilikuwa safi na hakuna aliyenilaumu. Chuoni nilifundishwa faragha ya mgonjwa na nikaijibu vizuri kwenye mtihani, lakini usiku ule ndipo nilipoifanya kwa mara ya kwanza, na niliifanya kwa sababu ya mila. Nilikwenda kwenye kabati nikachukua shuka nyingine, nikamfunika yule mzee vizuri. Alikuwa macho. Alinitazama tu.

Asubuhi nilipokabidhi zamu nilisema "mgonjwa wa kitanda namba nne," na mwenzangu alipouliza jina, kama utaratibu unavyodai, nilimwonyesha faili kwa kidole.

Mzee alirudi nyumbani na mpira kusubiri upasuaji Mbeya. Kazi ya kumwaga mfuko ilikuwa ya shemeji, nami nilimfundisha jikoni kwa kikonyo cha jani la boga, ambacho kina uwazi ndani: mfuko ukae chini ya kibofu siku zote, mpira usikunjwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Alikuwa akirudia somo mara ya tatu tuliposikia kikohozi uani, mara mbili. Nikaweka kikonyo mezani, nikatokea mlango wa jikoni.