Siku moja maishani mwangu: nikitafuta amri ya ubongo ilipokatikia

Saa 12:30 asubuhi. Natoka nyumbani Mwanga kwa miguu. Chai na kiazi kitamu, basi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali moja hapa Kigoma, na wengi wanajua kazi yangu kuwa ni kukanda misuli. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa ninaowashika misuli yao ni mizima. Kilichoumia ni ubongo, au ugwe wa mgongo unaopita ndani ya pingili, au neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka humo kwenda viungoni. Kwa hiyo kabla sijamgusa mtu, natafuta kwanza amri imekatikia wapi.

Saa 1:30. Kikao cha ripoti ya usiku. Wagonjwa wapya wawili ni wangu.

Saa 2:15. Wodi ya wanaume. Mzee kutoka upande wa Uvinza, kiharusi, mkono na mguu wa kulia havinyanyuki, na hasemi. Namwamkia, "Shikamoo baba," macho yanaitikia, mdomo haufuati. Kijana wake ananiambia, "Dada, mkono umekufa."

Hapo huwa sina haraka. Nakaa, nashika mkono wenyewe, namwonyesha kuwa una joto, damu inapita, na nikiukunja unakunjika. Mkono haujafa. Amri ya mkono wa kulia inatoka nusu ya kushoto ya ubongo, inashuka hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, na pale sehemu kubwa ya neva zake inavuka upande wa pili. Damu ilipokwama kule juu kushoto, huku kulia kukakosa wa kukuamuru. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ndiyo maana hauvumilii kukosa damu. Kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba kinakadiriwa kuua seli za neva milioni 1.9 kila dakika kisipotibiwa. Mzee huyu alikaa nyumbani siku tatu akipakwa dawa za majani. Sikumlaumu kijana. Nilimweleza tu, ili mwingine akipinda mdomo ghafla nyumbani kwao, wakimbie siku hiyohiyo.

Kuhusu kusema: kwa watu wengi lugha inakaa nusu hiyohiyo ya kushoto. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa alichoambiwa, lakini mwenyewe akabaki na silabi moja tu, "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, kushoto. Nikamwambia kijana, baba yako anakusikia, usiongee juu ya kitanda chake kana kwamba hayupo. Kisha nikamwomba aanze Alhamdu, polepole. Aya ya pili mzee akaingia, sauti nzito, maneno yakatoka hadi mwisho wa sura. Kijana akageukia ukutani kufuta machozi.

Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, sala, nyimbo, kuhesabu moja mbili tatu, mara nyingi husalia hata mazungumzo yakipotea. Haina maana kwamba kesho ataomba uji kwa sentensi kamili. Ina maana tuna pa kuanzia, na nimewaachia kazi: Alhamdu na kuhesabu, asubuhi na jioni.

Saa 4:00. Mama muuza dagaa wa Kibirizi, uso umeanguka upande mmoja tangu jana. Majirani wamegawanyika: nusu wanasema kiharusi, nusu wanasema ametupiwa kitu. Nikamwomba apandishe nyusi. Paji la upande ulioanguka likabaki laini bila kunyanyuka, na jicho halifungi.

Kipimo hiki nakipenda sana kwa sababu hakihitaji mashine. Misuli ya paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, hivyo kiharusi cha upande mmoja kwa kawaida huliacha paji likifanya kazi. Paji likilegea pamoja na mdomo, na mikono na miguu ikiwa sawa, mara nyingi tatizo ni neva ya uso yenyewe, nje ya ubongo. Nikampeleka kwa daktari mara moja, maana dawa ya kupunguza uvimbe wa neva inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi. Cha kulindwa ni jicho: dawa ya kulilainisha, na usiku lifungwe lisikauke.

Saa 5:30. Huyu ndiye anayeniumiza. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi akikata mikungu. Wenzake walimpakia kwenye bodaboda, akiwa amekaa katikati ya watu wawili, mgongo ukikunjika kwenye kila shimo. Walikuwa na nia njema kabisa. Lakini aliyeanguka kutoka juu anapaswa kulazwa juu ya ubao au mlango, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, hata kama itabidi kusubiri gari.

Miguu haina hisia. Leo mama yake alinipokea akitabasamu: usiku mguu uliruka wenyewe! Ikabidi nimweleze, nikimshika bega. Ugwe wa mgongo una maamuzi yake madogo. Ukigonga chini ya goti, mguu unaruka kabla ubongo haujapata habari, kwa sababu ujumbe unaingia ugweni na kurudi hapohapo. Mguu wa mwanawe uliruka kwa njia hiyo. Ishara ninayoitafuta ni yeye kuhisi nikimgusa, au kusogeza kidole gumba nikimwambia asogeze. Namjaribu kila siku. Kwa sasa mama anamgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda, na mikono tunaiimarisha kwa ajili ya kiti cha magurudumu.

Saa 8:00. Ugali wa muhogo na mgebuka.

Saa 9:00. Mazoezi ya mkono kwa waliotoka wodini. Kila mmoja ana bakuli mbili na mise, zile kokwa za chikichi. Wanahamisha moja moja kwa mkono uliopooza. Wanachoka, na wengine wanaona ni mchezo wa watoto. Huwa nawakumbusha barabara ya Kasulu mvua inapoikata: mwenyeji hupita njia za ndani, na kadiri magari yanavyozidi kupita, ndivyo njia inavyozidi kufunguka. Seli za ubongo zilizokufa hazirudi, lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba sehemu ya kazi ile, kwa sharti la kurudia, tena kwa mamia.

Saa 11:00 jioni. Ujiji, nyumbani kwa bibi mmoja ambaye familia inasema amekuwa mchaguzi wa chakula: anaacha nusu ya sahani. Nikatazama. Nusu anayoacha ni ile ya kushoto, kila mara. Kiharusi chake kilipiga nusu ya kulia ya ubongo, na macho yake yanaona vizuri, ila ubongo umeacha kujali kwamba upande wa kushoto upo. Mjukuu alizungusha sahani, bibi akashangaa kukuta wali mwingine, akala.

Tukahamisha kitanda ili mlango uwe kushoto kwake. Kila anayeingia atamwamkia kutoka huko, na asikubali bibi aitikie huku akitazama ukuta: amguse mkono wa kushoto, asubiri mpaka bibi ageuke. Mjukuu ameuliza kama redio nayo ihamie upande huo. Ihamie.