Nilivyomsaidia mwanangu kujizuia kabla ya kuanza shule

Mwanangu alipokaribia miaka minne, kilichokuwa kikitusumbua nyumbani ni kungoja. Akiambiwa asubiri zamu yake, anajibwaga chini na kupiga mayowe. Ndugu walinishauri nimkazanie herufi na namba, eti akizoea kukaa na kitabu atatulia. Mimi niliona wanaanzia mwisho.

Akishapandwa na hasira, simpi hotuba. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Mtoto mdogo hutulia kwa kuegemea utulivu wa mtu mzima. Nachutama, nashusha sauti, nataja kinachomuuma: "Umekasirika kwa sababu dada amechukua gari lako." Kisha nanyamaza. Mengine baadaye.

Mazoezi yenyewe tunayafanya akiwa na furaha. Napiga makofi, anacheza, nikiacha, anaganda. Alipouweza mchezo huo, tuliugeuza: makofi yakiwa ya haraka, atembee polepole; yakiwa ya polepole, akimbie. Hapo ndipo penye kazi, maana lazima akumbuke kanuni na wakati huohuo aizuie miguu inayotaka kwenda kwa mazoea. Utamwona kakunja uso, anajinong'oneza: "Pole, polepole." Simkatizi. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alishaeleza katika miaka ya 1930 kwamba mtoto hujiongoza kwa kujisemesha kwa sauti, kabla maneno hayo hayajahamia kichwani.

Jambo jingine ni ahadi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwa kuwapa kitu kitamu kimoja na kuwaahidi cha pili wakingoja bila kula cha kwanza. Waliotoka kutimiziwa ahadi na mtu mzima walivumilia wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3. Walikuwa watoto 28 tu, kwa hiyo siwezi kuapia, ila uliniingia. Nikisema "nikimaliza kuosha vyombo nakuja", nakuja, hata kama mikono bado inachuruzika maji. Nisipokuwa na hakika, siahidi.

Bado hulia, hasa usingizi ukimshika, na hapo dawa ni kulala tu. Lakini juzi walipogombea gari lilelile, nilimsikia akimwambia dada yake, "Nahesabu mpaka kumi, halafu zamu yangu." Akahesabu vizuri hadi tano, kisha akaruka moja kwa moja hadi kumi.