Saa 72 za njiti: siku yangu moja wodini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kimara bado kuna giza, nipo kwenye foleni ya mwendokasi, na ujumbe wa wodini umeingia: saa tisa usiku amezaliwa njiti, mtoto wa kabla ya wakati, wa wiki 27 za ujauzito, gramu 1,060. Ninachokiwaza kwanza ni saa. Njiti wadogo wakivuja damu kwenye ubongo, mara nyingi huwa ni ndani ya saa 72 za mwanzo. Kwa huyu zimeshaanza kupungua.

Saa moja. Navua pete na saa, nanawa hadi kwenye viwiko.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba. Huyo mgeni wako mwache kwanza, hajatulia.”

Namtii. Sista huyu amelea njiti tangu mimi nipo shule ya msingi, na mengi ninayoyapima yeye anayaishi kwa mikono. Anapombadilisha mtoto nepi hamnyanyui miguu, anamgeuza ubavu polepole. Miguu ikipandishwa, damu hukimbilia kichwani, na mishipa ya humo bado ni dhaifu mno kuhimili mabadiliko ya ghafla.

Saa tatu ananiita. Kipimo hiki daktari wa zamu amekiagiza kwa matibabu. Utafiti wangu wa ubongo wa njiti husubiri ridhaa ya mzazi. Napasha jeli kiganjani, maana ubaridi tu unatosha kumshtua. Kisha naweka kifaa cha ultrasaundi juu ya utosi, pale ambapo mifupa haijafunga, bila kukandamiza. Utosi ndio dirisha letu. Ubongo unatokea kwenye skrini: laini, mikunjo michache tu. Mikunjo mingine mingi ilikuwa ijikunje tumboni mwa mama hadi wiki ya 40, gizani na kwenye joto. Sasa itajikunja hapa, chini ya taa na kengele za mashine. Hilo huwa silizoei.

Kando ya vyumba vya maji ya ubongo kuna tandiko la seli changa, lililojaa mishipa myembamba. Kufikia wiki ya 34 hivi huwa limesinyaa lenyewe. Leo, upande wa kushoto wa tandiko hilo, kuna doa jeupe dogo. Ni damu, daraja la kwanza, lililo dogo kuliko yote. Napima mara mbili, naandika.

Saa tano mama yake analetwa kwa kiti cha magurudumu, bado ana maumivu ya mshono.

“Daktari, ubongo wa mwanangu uko salama?”

Miaka ya nyuma, mahali pengine, niliulizwa swali hilohilo nikajibu haraka: uko safi, mama. Picha ilikuwa safi kweli. Wiki chache baadaye vishimo vidogo vikaonekana kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, ile yenye seli zinazotengeneza utando wa kufunika nyuzi za neva. Madhara hayo huchelewa kuonekana, na mengine ultrasaundi haiyaoni kabisa. Nililijua hilo kitabuni, lakini sikumwambia yule mama. Bado naukumbuka uso wake.

Kwa hiyo leo nakaa chini, macho yetu yawe sawa. “Kuna damu kidogo, mama. Haijaingia kwenye vyumba vya maji. Watoto wengi wenye kiasi hiki huendelea vizuri, lakini siwezi kukuahidi leo. Tutapima tena na tena.” Namweleza zile saa 72. Halafu namsomea fomu ya utafiti mstari kwa mstari: akikataa, mwanawe atatibiwa vilevile. Anataka kuongea kwanza na mumewe aliyeko Newala. Naikunja fomu, sina haraka.

Saa saba, chumba cha kangaruu. Bibi mmoja amembeba mjukuu kifuani, ngozi kwa ngozi, amejifunga khanga mbili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo vya watoto hawa kwa robo. Kifua cha bibi hakihitaji jenereta.

Saa nane, kliniki. Mama analia: mtoto ana miezi sita, hakai, na majirani wameanza kusema. Tunahesabu pamoja. Amezaliwa wiki ya 28, yaani wiki 12 mapema. Ana wiki 26 tangu azaliwe. Toa 12, ubongo wake ni wa mtoto wa wiki 14. Nani anakaa akiwa na wiki 14? Namlaza chali, nampiga video dakika tano, hatumsemeshi wala hatumpi kitu cha kuchezea. Vifundo vya mikono, shingo, vidole vya miguu, vyote vinachezacheza kwa vijisogeo vidogo visivyokoma. Katika umri huu hiyo ni dalili njema sana. Narudia video mara tatu kwa furaha tu.

Saa tisa na kumi ni takwimu na barua pepe.

Saa kumi na moja jioni napitia wodini kabla ya kuondoka. Njiti wa usiku yuko kifuani kwa mama yake, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

“Zimebaki ngapi, Daktari?”

“Hamsini na nane.”

Anaomba kalamu, anaandika 58 nyuma ya kadi ya kliniki.