Bei ya mbaazi inapangwa India, ila gunia tunalijaza sisi

Kila ikifika mwezi wa nane huku kusini stori ni ile ile, mbaazi mwaka huu bei gani. Mnada ukienda vizuri watu wanashangilia, ukishuka lawama zinaanza, AMCOS (vyama vyetu vya ushirika), serikali, wanunuzi, kila mtu ana wake. Uchungu huo naujua jamani, watu wa Lindi na Mtwara na wenzetu wa Manyara hili zao limetuumiza kweli. Lakini kuna kitu hatukiongei kabisa na mimi naona ndio kingetuokoa, nacho ni mavuno, yani kwa eka moja unatoa gunia ngapi.

Wengi mnaikumbuka 2017. Kabla ya hapo India walikuwa na mvua mbaya miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015, na wao ndio walaji wakubwa wa mbaazi kuliko nchi yoyote, kwahiyo zikaadimika kule na bei huku ikapanda mpaka kilo ikapita 2,000, watu wakafyeka kila kipande wakapanda. Kumbe na wakulima wa kule nao wamepanda sana, mvua ikawakubali, wakavuna mzigo ambao hawakuwahi kuvuna, na Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kuingia kutoka nje. Agosti! Ndio kwanza sisi tunapiga mbaazi zetu kutoa punje. Wapo waliouza kilo shilingi 150 na wapo waliowaachia mbuzi shamba. Milango walikuja kuifungua tena Mei 2021, na bei ilivyorudi juu tukasahau yote.

Sasa piga hesabu na mimi. Wakulima wengi wanavuna gunia tatu au nne za kilo mia kwa eka. Gunia tatu kwa 2,000 kila kilo ni laki sita, bei ikishuka mpaka 1,000 una laki tatu, toa kulima, palizi, dawa, kuvuna, kupiga, usafiri, hapo unabaki na nini? Mwenzako mwenye gunia nane kwa eka, kwa hiyo hiyo bei mbovu ya 1,000, ana laki nane, na gunia nane sio ndoto, mbegu bora zikitunzwa zinafika huko.

Tuanze na mbegu basi maana hapa ndipo tunapopotezea. Mbaazi sio kama maharage, maua yake nyuki wanayachanganya sana, jirani akipanda za kienyeji na wewe ukapanda mbegu nzuri, ukirudia kupanda za kwako mwenyewe miaka mitatu minne unakuta shamba moja lina mbaazi za kila aina, fupi, ndefu, za kuwahi, za kuchelewa, nyeupe, zenye madoa. Mnunuzi akizimwaga kwenye turubai anaona mchanganyiko na bei inashuka hapo hapo. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana mbegu kama Mali na Tumia, punje kubwa nyeupe ambazo soko linazitaka na zinavumilia mnyauko, zipo pia Ilonga 14-M1 na M2, na Komboa ya muda mfupi kwa sehemu ambazo mvua inakata mapema.

Huo mnyauko ndio unaomaliza mashamba ya watu na wengi wanadhani ni jua. Ukiona mti umeanza maua vizuri halafu unanyauka wakati udongo bado una unyevu, pasua shina, ukikuta michirizi ya kahawia au nyeusi ndani basi ni fangasi na wanaishi kwenye udongo miaka. Dawa ya kupuliza haisaidii hapo, usipoteze hela yako. Ng'oa, choma, na hilo eneo lipumzishe mbaazi misimu kadhaa, weka mahindi au mtama.

Hela ya dawa iweke kwenye maua. Funza wa vitumba akishaingia ndani ya kitumba humpati tena, kwahiyo unapuliza maua yanapoanza kuchanganya na unarudia vitumba vikiwa vichanga, jioni, nyuki wakiwa wamesharudi. Watu wengi wanasubiri mpaka waone matundu, hapo unaua funza ambaye ameshakula.

Na mbolea. Ni kweli mbaazi inajitafutia naitrojeni yenyewe kutoka hewani kwa vile vifundo vya mizizini, ndio maana Babati wanaichanganya na mahindi na majani yakidondoka shamba linafufuka. Ila fosforasi haijitafutii, na mashamba yetu mengi ya kichanga yamechoka, ukiweka hata kidogo kwenye shimo wakati wa kupanda unaona tofauti kwenye vitumba.

Upande wa soko mimi nasimama na stakabadhi ghalani, yani mzigo unapelekwa ghalani, unapewa risiti na unauzwa kwa mnada, na nasema hivyo nikijua kelele zake, malipo yanachelewa na makato mtu haelewi yameenda wapi, hayo lazima yarekebishwe na viongozi wa ushirika wasomee wanachama kila kato hadharani. Lakini kangomba ya walanguzi ilikuwa inatunyonya zaidi, mtu anauza mbaazi zikiwa bado maua kwa sababu mtoto anaenda shule. Ndio maana VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kwa wakulima ni muhimu kuliko watu wanavyoichukulia, ukiwa na pa kukopa laki moja mwezi wa sita hulazimiki kuuza maua. Na usichelewe, faida yetu kwa India ni kwamba tunavuna kabla yao, wao mzigo wao unaanza kuingia sokoni Desemba, ukiweka ndani mpaka Januari ukisubiri bei unashindana na mkulima wa kule nyumbani kwake.

Zile za kula na za mbegu zitie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, funga vizuri tabaka zote, hazibunguliwi hata bila dawa.

Halafu kuna hili linaniuma. Shule zetu huku watoto wanakula maharage yaliyopandishwa lori kutoka mbali wakati mbaazi zimejaa majumbani kwa wazazi wao, na kila mtu wa pwani anajua mbaazi za nazi zilivyo. Halmashauri zikikaa na AMCOS wakakubaliana shule zinunue hata sehemu ndogo ya mzigo, na vijana wakapata mashine za kukoboa hapa hapa, kuna gunia ambazo hazitaingoja India kabisa.

Mvua za kupandia huku kusini zinaanza karibu na Desemba. Mbegu watu wanazianza kuzitafuta wakati mawingu yameshatanda na wanakuta zimeisha, kwahiyo muone afisa ugani wako mapema, au uliza TARI Naliendele kama uko huku kusini, na mnunue kwa kikundi mkiwa majirani ili mashamba yanayopakana yawe na mbegu moja.