Kloridi inapokosa mlango wa kutokea figoni

Chumvi inayoanikwa kwenye mashamba ya chumvi ya Pemba ina sodiamu na kloridi, kwa idadi sawa ya chembe. Lakini zikianza habari za presha, inayotajwa ni sodiamu tu. Figoni, kloridi ina kazi yake nzito.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, na mkojo hautoki zaidi ya lita moja au mbili. Chumvi iliyochujwa hurudishwa damuni njiani, kama robo yake katika kipande kimoja cha mrija mwembamba wa figo: mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, yaani pale mrija unapopinda na kurudi juu. Upande wa mkojo, seli za hapo zina protini iitwayo NKCC2, inayoingiza kwa pamoja sodiamu 1, potasiamu 1 na kloridi 2. Potasiamu hurudi ilikotoka. Sodiamu husukumwa na pampu kwenda upande wa damu. Kloridi hutokea mlango wake, ClC-Kb, ambao haukai sawasawa kwenye utando wala kufanya kazi bila ya protini msaidizi, bartini.

Mlango huo ukiharibika kwa hitilafu ya jeni, kloridi hurundikana ndani ya seli, NKCC2 hukwama, na chumvi huteremka na mkojo. Ni kama mtu anayemeza furosemidi, dawa ya kukojoza, kila siku, kwani dawa hiyo huziba NKCC2 yenyewe. Mwisho wa mrija, homoni ya aldosteroni huhangaika kuokoa sodiamu, na malipo yake ni potasiamu na asidi. Potasiamu hushuka, damu huelemea upande wa alkali. Huu ndio ugonjwa wa Bartter, ulioelezwa mwaka 1962. Ikiharibika bartini, mtoto huwa kiziwi pia, maana sikio la ndani huitumia hiyo hiyo.

Sasa, kwa wenzangu mlioko vituo vya afya Wete na Mkoani: mtoto anayetapika sana naye huwa na potasiamu ndogo na alkali. Kinachomtofautisha na mwenye Bartter ni kloridi ya mkojo. Aliyetapika, figo zake huibana: chini ya milimoli 20 kwa lita, mara nyingi chini ya 10. Mwenye Bartter huwa juu ya 20. Chukueni mkojo kabla ya dripu! Lita moja ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za kloridi, na mtapima dripu badala ya mgonjwa. Sodiamu ya mkojo hapa hupotosha, kwa sababu bikaboneti, ile alkali ya damu inayomwagika na mkojo wa anayetapika, huiburura. Na ulizeni dawa, kwani furosemidi ya asubuhi hutoa jibu lile lile la Bartter.

Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu chache, hivyo peke yake hayatoshi kurudisha chumvi iliyopotea. Dawa ya potasiamu iwe ya kloridi. Ya sitrati mwili huigeuza bikaboneti, alkali ikazidi. Potasiamu ya mshipani haisukumwi kwa bomba la sindano kamwe. Huchanganywa na dripu, ikaingia polepole huku mapigo ya moyo yakiangaliwa, kwani ikiingia kwa ghafla moyo husimama.