Ganuni imelala na sauti yake

Leo asubuhi nimefungua kabati, nikapitisha risha ya kupigia kutoka uzi wa chini hadi wa juu, na nyuzi zote 78 zimekaa pale pale nilipoziacha jana usiku. Kwa anayepiga ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu kinacholazwa mapajani, Unguja wakati wa masika, hili ni la kupigia vigelegele.

Waliowahi kutyuni ganuni wanaijua adha yake. Kila sauti ina nyuzi tatu, na mmoja ukishuka kidogo tu sauti nzima inakwaruza. Unakaza kwa ufunguo, unasikiliza, unalegeza, unahamia ya pili. Ukifika ya 26, ya kwanza imeshateremka. Nyuzi nilibadilisha, vigingi nikavipaka chaki, hali ikabaki ile ile. Kuna siku nilishikwa na hasira hata sikutaka kuiona.

Tatizo lilikuwa kwenye daraja, ile mbao nyembamba inayobeba nyuzi. Miguu yake haikanyagi mbao, inakanyaga vipande vya ngozi ya samaki, na ngozi ile inakunywa unyevu wa hewa. Ikilowa inalainika, inabonyea chini ya mkazo wa nyuzi, na daraja linazama kidogo mno: jicho halioni, sikio linasikia. Jua likipanda ngozi inakauka, inakaza, na sauti inapanda nayo. Alfajiri ukiibonyeza kwa kidole inazama kama ngoma iliyonyeshewa. Adhuhuri inakirudisha kidole. Tena vipande havilainiki sawasawa, ndiyo maana nyuzi za chini zilikuwa zikishuka kuliko za juu.

Basi kabati la nguo limekuwa nyumba ya ganuni. Chini kabisa nimefunga globu ya wati 15, zile za waya za zamani, maana za LED hazitoi joto la maana. Juu yake kuna rafu yenye matundu, kisha ganuni imelazwa juu kabisa, na milango nimeizungushia ukanda wa mpira. Chumbani kipima unyevu kinasoma zaidi ya asilimia 80. Ndani ya kabati kimeshuka hadi 55 kikatulia. Atakayejaribu, globu isikaribie chombo hata kidogo, joto la karibu linaachanisha gundi.

Programu za simu za kutyuni sizipendi kwa kazi hii. Nyingi zinajua nusu sauti tu, na kila nusu sauti ni senti 100 za kipimo cha muziki. Bayati, moja ya maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti, inataka Mi iliyo katikati ya Mi bemoli na Mi ya kawaida, karibu senti 150 kutoka Re kwa hesabu ya vitabuni, na maalim wangu anaiweka chini ya hapo. Simu inawasha taa nyekundu pale pale Bayati inapoanza kulia! Naitumia kupata Re, baada ya hapo ni sikio. Risha nazo, za plastiki zinadumu, lakini ya pembe ikibanwa vizuri na kastabini inatoa sauti nene, na mimi siiachi.

Mnaoniuliza kama ndoto yangu ni kuacha uhasibu nikapande jukwaani, zamani ningejibu ndiyo bila kufikiri. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, nani asingetamani kukaa katika safu ile? Sasa natamani zaidi kuwa fundi. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Chombo kimekuwa chetu tangu enzi hizo, lakini mimi hadi leo ngozi na nyuzi naagiza nje na kusubiri. Nataka daraja likizama mtu aniletee mimi, hapa hapa Mji Mkongwe, na nimrudishie chombo chake kabla ya harusi ya Ijumaa.

Wiki hii nilipanga kumaliza kujifunza bashrafu, muziki wa vyombo vitupu unaofungulia taarabu. Imesimama, kwa sababu nimepita kwa watengeneza ngoma nikarudi na kipande cha ngozi ya mbuzi mchanga. Ganuni za Uturuki huwekwa ngozi ya ndama, kwa nini mbuzi asifae? Nimeikwangua kwa kigae cha kioo mpaka mwanga unapenya, nikaiwamba kwenye fremu ndogo, na kando yake fremu nyingine ya ngozi ya samaki. Zote nimeziwekea uzito sawa na kuziacha barazani zinywe unyevu wa usiku. Ya mbuzi ikibonyea kuliko mwenziwe, hata kama ni kidogo, basi naitupilia mbali. Ikishinda, nalegeza nyuzi zote na kubadilisha ngozi nzima, na bashrafu itasubiri.