Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Mapazia wa Kigoma

Saa 12 asubuhi

Nje bado kiza. Wageni wa kutoka Dar wakifika Kigoma hushangaa: saa ni zile zile, lakini jua letu linachomoza kama dakika 40 baada ya lao. Wakati mwingine inagonga saa 1 kamili ndipo unaliona. Jioni nalo haliondoki upesi, linakaa juu ya milima ya Kongo mpaka karibu saa 1 usiku. Kwa mtu anayeshona mapazia, hilo ni jambo la kazi. Jua linakuwa utosini karibu saa 7 mchana, halafu mchana wote uliobaki linayapiga madirisha yanayotazama ziwa. Na mji huu, mtu akipata kiwanja chenye ziwa mbele, dirisha kubwa kuliko yote analiweka huko huko. Nani atamlaumu?

Napiga pasi mapindo ya pazia za mteja wa mtaa wa Bangwe kabla watoto hawajaamka. Pindo la chini nalikunja mara mbili, sentimita 8 na 8, ili pazia liwe na uzito na lining'inie vizuri. Ukikunja kidogo kama la gauni, linapepea ovyo na kujipinda pembeni.

Saa 2 asubuhi

Dukani kwangu, mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Kijana wangu ameshafungua, amefagia, na majora ameyasimamisha ukutani. Kitambaa chetu kingi kinatoka Kariakoo kwa basi au treni, kwa hiyo jora likiisha huwezi kumwambia mteja arudi mchana.

"Mwakeye!" Mama mmoja anaingia akinisalimu kwa Kiha, simu mkononi. Nyumba yake iko upande wa Kibirizi, wamehamia juzi. Ananionyesha picha: velveti ya bluu iliyokoza, nyuzi za dhahabu, pelmeti juu, lile pambo la kuficha bomba, kama ya jumba la mfalme. Nje ya dirisha kwenye ile picha kuna theluji.

Naanza kumuuliza. Dirisha linatazama wapi? Nani anapita nje? Mnafungua vioo mchana au mna kiyoyozi? Kochi limekaa upande gani? Mnaanika dagaa karibu?

"Fundi, mbona maswali kama ya posa?"

Tunacheka, lakini simwachii. Picha ya simu inakuonyesha pazia bila kukuonyesha dirisha lake. Velveti ni kitambaa kizuri sana mahali penye baridi, kwa sababu manyoya yake yanashika joto. Manyoya hayo hayo yanashika vumbi letu jekundu la kiangazi, yanashika moshi wa jikoni, na Kibirizi yatashika harufu ya dagaa mpaka uikute kwenye mto wa kochi. Na rangi ya bluu iliyokoza, mbele ya jua la saa 10, haichukui muda kupauka, tena inapauka kwa mistari: mgongo wa kila rinda unakuwa mweupe, ndani ya mkunjo panabaki bluu.

Sikumkatalia, mimi ni mfanyabiashara. Nimempa vipande vitatu: velveti aliyoitaka, poliesta nzito ya krimu yenye bitana, na kingine cha kijani cha majani makavu. "Dada, vibane na pini kwenye dirisha leo saa 10 jioni. Kaa kwenye kochi uvitazame. Halafu nipigie picha." Rangi unayoiona chini ya taa ya dukani siyo utakayoiona mbele ya ziwa. Ameondoka hajaridhika sana.

Saa 4 asubuhi

Kukata. Hapa napenda kimya, na redio ya jirani hainipi.

Kitambaa kingi cha mapazia siku hizi kina upana wa mita 2.8, na wateja wengi hawajui kwamba tunakilaza. Ule upana ndio unakuwa urefu wa pazia, na zile mita unazolipia zinakwenda kwa upana wa dirisha. Dirisha ninalolikatia sasa lina mita 1.5. Bomba la kutundikia nitaliweka mita 1.9, yaani sentimita 20 zaidi kila upande, ili pazia likivutwa likae ukutani na lisile kioo. Marinda yanataka kitambaa mara mbili ya bomba, kwa hiyo mita 3.8. Namwambia mteja anunue 4, kwa ajili ya mapindo ya pembeni. Kutoka bombani hadi karibu na sakafu ni mita 2.3; ukiongeza pindo la juu na la chini hujamaliza zile 2.8. Utepe unaobaki unatosha mikanda ya kufungia pazia pembeni. Mafundi wengine utepe huo wanaubaki nao kimya kimya. Uulizie.

Kuna mteja atakuja na hesabu ya mara moja na nusu, kwamba mjini kamwona fundi wa bei nafuu. Nafuu yake iko hapo hapo. Amepunguza kitambaa, na pazia likifungwa linakuwa bapa kama shuka limeanikwa.

Halafu ringi. Kitambaa hicho nakigawa vipande viwili, na kwa kila kimoja ni 10 au 12, kamwe si 11. Sababu unaiona pazia likitundikwa: ringi ya kwanza inaingia bombani kitambaa kikielekea ukutani, na ya mwisho nayo lazima ielekee ukutani. Ikiwa witiri, upande mmoja unabaki umetoka nje, na kila mgeni atakayekaa pale atauona bila kujua anaona nini. Kwanza nashonea utepe mgumu ndani ya pindo la juu. Nachora duara kwa chaki kwa kufuata ringi yenyewe, nakata kwa mkasi mdogo ndani kidogo ya mstari, halafu naweka nusu ya chini, naweka nusu ya juu, nabana kwa viganja viwili mpaka isikike "tak". Isiposikika, hiyo itafunguka siku pazia likivutwa na mtoto.

Saa 6 mchana

Ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga. Hakuna la kuongeza.

Saa 7 mchana

Bajaji hadi Ujiji, kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake aliye Dar amemtumia hela za mapazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea yale mazito ya kung'aa?"

Nyumba yake ni ya zamani, kuta nene, madirisha madogo ya mbao yenye mabawa yanayofunguka nje. Ndani pana ubaridi mzuri kabisa bila feni. Dirisha kama hilo ukilivisha pazia zito unaua kile kidogo cha mwanga na hewa. Mabawa ya mbao ndiyo tayari pazia lake zito, yakifungwa usiku hakuna anayeona ndani. Lililokosekana ni kitu chepesi cha mchana. Nimempendekezea shela nyeupe ya nusu dirisha kwa waya, na pesa zote zilizobaki ziende kwenye pazia la mlango wa kuingilia ukumbini, maana kwa desturi yetu pazia la mlango ndilo linalozungumza na mgeni. Hapo ndipo azimwage fahari zake.

Kakubali kwa sharti: pazia la mlango liwe na bitana ya merikani, kama la mama yake. Nimefurahi kimoyomoyo. Miaka ya 1800 merikani na kaniki zilikuwa pesa hapa Ujiji. Misafara ilivuka nchi nzima na majora mabegani, na shanga, na kwa hivyo ndivyo walivyonunua pembe na chakula. Watu wote wanajua Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, lakini katika mizigo ya Stanley vitambaa vilikuwemo tele, na hilo halitajwi. Sisi wa mita na chaki tuna haki ya kulitaja.

Merikani ni pamba, na pamba inarudi ikifuliwa. Kwa hiyo kesho nailoweka usiku kucha, naianika, naipiga pasi, ndipo naikata. Ukiishona mbichi, fua ya kwanza tu bitana inapanda na kulivuta pazia juu.

Saa 9 alasiri

Bangwe. Hii ndiyo kazi kubwa ya leo, sebule yenye dirisha pana kuelekea ziwa, na ndiyo maana nilipanga kuifunga saa hizi, wakati dirisha linaonyesha tabia yake. Jua limeshaingia hadi katikati ya zulia. Upepo wa ziwa unavuma.

Kijana anapanda ngazi na drili. Kabla ya kutoboa nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Juu ya dirisha pana lenta, yaani boriti ya zege. Drili ya kawaida inalia tu na kutoa moshi, inataka ya kugonga na sindano ya zege. Ukitoka nje ya lenta unaingia kwenye tofali za kuchoma, hizo ni laini, na fisha fupi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, inang'oka na unga wake. Hapa tumekuta matundu ya fundi aliyetangulia, yameziba kwa karatasi za gazeti. Tumepandisha bomba sentimita 15 juu ya fremu, tukapata zege, na chumba kikaonekana kirefu zaidi. Ukibandika bomba juu ya fremu pale pale, hata dari ya futi 10 inaonekana imeinama.

Bomba likizidi mita 2 linahitaji kishikio cha katikati, la sivyo litapinda. Lakini ringi haziwezi kuvuka kishikio hicho. Kwa hiyo pazia lazima ziwe mbili, moja kila upande. Mwenye nyumba alitaka moja kubwa la kuvutwa lote upande mmoja. Nikamwonyesha kwa mkono ringi inavyokwama, akaacha.

Tumeweka tabaka mbili. Ndani kabisa, karibu na kioo, shela. Mbele yake poliesta ya rangi ya mchanga yenye bitana nyeupe. Bitana ndiyo inayochapwa na jua badala ya pazia, na weupe wake unarudisha sehemu ya joto nje. Ikichakaa unabadilisha bitana, pazia linabaki. Kwenye pembe za pindo nimeshonea vipande vidogo vya chuma ili upepo usizirushe pazia usoni mwa watu waliokaa.

Mama mwenye nyumba aliuliza kama shela peke yake haitoshi upande wa barabarani, kwa kuwa mchana haoni mtu akimchungulia. Mchana, sawa: nje pana mwanga kuliko ndani. Ukiwasha taa usiku mambo yanageuka, anayepita anakuona mpaka sahani yako ina nini. Nilimwomba atoke nje akatazame mwenyewe usiku, kabla hajaamua kubana matumizi.

Akaniuliza pia kuhusu chumba cha watoto, dirisha lake linatazama kaskazini, akidhani jua halifiki. Linafika. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua linahamia kaskazini. Disemba ndipo linakwenda kusini. Kwa hiyo huko nako bitana. Nikamsihi pazia zisiburuze sakafuni, ziishie sentimita moja au mbili juu. Mikunjo yenye giza chini ni makao ya mbu mchana, na kufagia inakuwa taabu. Zikung'utwe kila asubuhi.

Jikoni sikutaka pazia kabisa juu ya jiko la gesi. Amenung'unika, kwamba dirisha litaonekana uchi. Bora lionekane uchi kuliko liungue. Tutambandikia karatasi ya ukungu kwenye kioo.

Saa 12 jioni

Ofisini kwa bwana mmoja mjini, kupima blaindi. Kazi ya dakika chache: zikikaa ndani ya fremu natoa sentimita moja ya upana zisikwaruze, na kipimo nachukua juu, katikati na chini, kwa sababu kuta zetu mara chache zinanyooka. Anataka zingine kama hizo kwa chumba cha mwanawe wa miaka mitatu. Nimemwambia zile za kamba hapana, mtoto anaweza kujinyonga nazo. Kama ni lazima, kamba ifungwe juu kabisa asipofika, na kitanda kikae mbali na dirisha. Atafikiria.

Saa 2 usiku

Nimekula, nimekaa na daftari la hesabu. Simu inalia. Mama wa Kibirizi ametuma picha, vipande vyangu vitatu vimebanwa dirishani, jua la jioni linapita nyuma yake. Velveti imekuwa nyeusi tii, ukuta mzima umezama. Kile cha krimu kimeshika mwanga kama taa.

Chini ameandika: "Mume wangu anasema krimu itachafuka."

Nimemjibu kwamba vumbi jekundu linaonekana hata kwenye bluu, tofauti ni kwamba krimu ya poliesta unaifua na kuianika kivulini, inakauka siku hiyo hiyo, wakati velveti ile huna beseni la kuitosha.

Kimya kidogo. Kisha sauti ya mume: "Fundi, hiyo bitana ni lazima? Tukiitoa inapungua shilingi ngapi?"

"Kaka, ukiitoa inapungua leo, mwaka kesho unanunua pazia upya. Shela naweza kukupunguzia, bitana hapana. Advansi ni nusu, na kama mmeamua nitumieni kabla ya saa 4 asubuhi, maana jora la krimu limebaki mita chache na kuna mama wa Gungu ameshaliulizia bei."